Remera: Kipupwe kisicho na rimoti

Chupa ya mafuta ya nazi ndiyo inayotoa habari kabla ya mtu yeyote. Imesafiri kutoka Tanga au Unguja ndani ya begi, imeviringishwa taulo na gazeti kwa sababu mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008, na siku inapowekwa kwenye rafu ya jiko la Remera bado ni mafuta kweli: maangavu, mepesi, yanacheza ukiitikisa. Asubuhi ya pili mwenyewe anaifungua, anaiinamisha juu ya kiganja, anangoja. Hakitoki kitu. Ndani pamesimama kipande cheupe kama mshumaa.

Atachokoa kwa mpini wa kijiko, au ataisimamisha chupa kwenye bakuli la maji ya moto, na hapo ndipo atakapokumbuka jambo ambalo pwani halikumpa sababu ya kulifikiria. Mafuta ya nazi huganda joto linaposhuka chini ya nyuzi 24 hivi. Jikoni Dar es Salaam hilo hutokea kwa nadra, labda alfajiri fulani za Julai. Remera hutokea usiku wowote, Januari mpaka Desemba.

Remera ni sekta ya Wilaya ya Gasabo, upande wa mashariki wa Kigali, na ndiyo inayompokea mgeni wa ndege. Ukitoka uwanja wa Kanombe, baada ya dakika chache uko Giporoso. Mbele yake Kisimenti na maduka, ofisi, baa na hoteli zake. Pembeni Uwanja wa Amahoro na ukumbi wa BK Arena, jirani kwa jirani. Ni mtaa wa wapitaji na wapangaji, na Kiswahili hakikosi. Wapo Wakongo wa Goma na Bukavu wenye lafudhi yao, Wakenya waliofuata kazi za benki na kampuni, Watanzania wa biashara na masomo. Bunge la Rwanda lilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi mwaka 2017, lakini jijini kilikuwapo tangu zama za Wajerumani, hasa upande wa pili wa mji, Nyamirambo na Biryogo.

Wageni hawa wana mengi yanayowatofautisha, ila wakikaa pamoja mazungumzo hayachelewi kufika kwenye hewa. Kwa mtu wa Dar au Mombasa ni habari ya usingizi. Kwa Mnairobi ni habari ya Julai: kwao mwezi wa mawingu, makoti na mkaa, na hapa mwezi wa jua kavu na anga la buluu. Mtu wa Goma hashangai sana, kwa sababu mji wake nao uko juu karibu sawa na Kigali. Mtu wa Bujumbura, aliyetoka kwenye joto la ufukwe wa Tanganyika, hujifunika shuka hadi masikioni na kuulizia bei ya blanketi.

Hesabu ya mwinuko

Hewa hiyo haina uchawi. Kigali iko takriban nyuzi mbili tu kusini mwa ikweta, mahali ambapo jua halina huruma. Kinachouokoa mji ni kimo. Uwanja wa ndege uko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na vilima vinavyouzunguka mji vinapanda zaidi ya hapo. Hewa kadiri inavyopanda ndivyo inavyotanuka na kupoa. Kwa wastani hupoteza nyuzi sita na nusu kwa kila mita 1,000. Ndiyo maana mchana wa Kigali huchezea nyuzi 26 hadi 28, na usiku hushuka mpaka 15 au 16. Dar es Salaam ya Machi hufika 32 mchana na haishuki sana chini ya 24 usiku, huku unyevu ukiwa umeganda kwenye shati. Mchana miji hii miwili haijaachana mbali. Usiku ndio unaoitenganisha.

Mwinuko unaleta ubaridi, ikweta inaleta utulivu. Wastani wa mwezi wenye joto zaidi Kigali na ule wenye ubaridi zaidi hupishana kwa nyuzi mbili hivi, basi. Mwafrika Mashariki anayeishi London au Toronto huzihesabu siku za hewa nzuri, huziombea likizo kazini na kuzisikitikia zikiisha. Wa Remera hana haraka nazo. Ikimpita leo kwa sababu ya kazi, kesho ipo vilevile.

Kuna pia zawadi nyingine, hii ya msema Kiswahili peke yake: saa. Rwanda iko nyuma ya Tanzania na Kenya kwa saa moja, na Kigali imekaa karibu kabisa na mstari wa longitudo 30 mashariki, mstari ambao saa za eneo hilo la dunia zimehesabiwa kwao. Kwa hiyo saa sita ya mchana Remera ni saa sita ya jua pia, zikipishana kwa dakika chache, au robo saa hivi kutegemea mwezi. Jua linachomoza kwenye saa kumi na mbili, linazama kwenye saa kumi na mbili. Ile hesabu ya Kiswahili ya kuanza siku na jua, ambayo Dar yenyewe huiyumbisha kidogo, huku bara inakaa sawasawa kama kifuniko na chungu chake.

Neno linarudi kwao

Wazee wa pwani wanapotaja kipupwe wana maana ya msimu: Juni hadi Agosti, kusi ikivuma, usiku ukipoa, watu wakitafuta khanga ya pili ya kujifunika. Mijini siku hizi neno limehamia kwenye mashine. Basi la kipupwe, ofisi ya kipupwe, chumba cha hoteli chenye kipupwe kwa bei ya juu zaidi. Mtu akisema washa kipupwe, anatafuta rimoti.

Remera neno hilo linarudi kwao. Nyumba nyingi za kupanga hazina kiyoyozi wala kifaa cha kupasha joto, na feni ikionekana sebuleni basi huenda mwenyewe alikuja nayo. Badala yake, juu ya madirisha kuna matundu ya hewa yaliyojengewa ukutani, yasiyofungwa kiangazi wala masika. Mchana joto linatokea humo. Usiku ubaridi wa kilima unaingilia humohumo. Mgeni wa pwani huyatazama kwa wasiwasi wiki ya kwanza, akiwaza mbu, na anafanya vyema kuwaza hivyo, maana malaria haijaisha Kigali na neti bado ina kazi. Wiki ya tatu hayaoni tena. Anachokiona ni kwamba hajaamka usiku kugeuza mto upande wa baridi, jambo alilolifanya maisha yake yote bila kujua kwamba lina mbadala.

Thamani ya jambo hili wanaijua vizuri zaidi Waswahili wa Ghuba. Juni 2018, Quriyat, mji wa pwani ya Oman, ulipitisha saa 24 nzima bila joto kushuka chini ya nyuzi 42.6, usiku ukiwa ndani ya hesabu. Huko nyumba bila mashine haikaliki, na maisha ya kiangazi hukimbilia ndani: kutoka gari lenye ubaridi kwenda duka lenye ubaridi. Inapofika Julai, familia nyingi, zikiwamo zile zenye asili ya Unguja na Pemba, hushika barabara ya kusini kwenda Salalah, ambako msimu wa Khareef huleta ukungu, manyunyu na majani mabichi. Wanasafiri zaidi ya kilomita 1,000 kwenda kusimama kwenye mvua nyepesi. Wa Remera anaipata akifungua mlango, na mara nyingine huilalamikia.

Meza zikatoka nje

Pwani ya kale ilijua kukaa nje: baraza la mawe, kivuli cha mwembe, upepo wa jioni. Lakini mchana wa mji wa joto humfundisha mtu kukwepa. Unapanga safari zako kwa kivuli, unapanda bajaji kwa mwendo wa dakika nane, unafika mkutanoni na leso mkononi. Kigali humvua mtu tabia hiyo polepole. Mgeni hugundua siku moja kwamba ametembea kutoka Giporoso hadi Gishushu kwa miguu, kwenye njia pana ya waendao kwa miguu, shati likiwa kavu mgongoni, na hakuwa amekusudia.

Mji wenyewe umelisukuma jambo hilo. Mwaka 2016 Kigali ilianzisha Jumapili isiyo na magari: barabara kuu kadhaa hufungwa asubuhi, na lami inaachiwa wakimbiaji, baiskeli, watoto na wazee wa suruali za mazoezi. Ilianza mara moja kwa mwezi, baadaye ikawa mara mbili. Mwaka 2021 jiji likatenga kipande cha barabara ya Kisimenti kiwe cha waendao kwa miguu mwishoni mwa wiki, na baa na mikahawa ikatoa meza zake hadi pale magari yalipokuwa yakipita. Mwaka uliofuata ikafunguliwa bustani ya Nyandungu, bonde la ardhi oevu lenye takriban hekta 121, karibu na Remera ukielekea mashariki. Lilikuwa bonde lililochakaa. Sasa lina vijia, mabwawa na miti ya asili, na Jumamosi alasiri ni vigumu kupiga picha bila bwana na bibi harusi kupita nyuma yako.

Jioni Kisimenti ina utaratibu wake. Saa kumi na moja meza za nje zinajaa kwanza, za ndani zinabaki za wachelewaji. Mishikaki ya mbuzi, ambayo hapa inaitwa burusheti kwa Kifaransa kilichovaa Kinyarwanda, inakuja na viazi au ndizi za kuchoma. Kando ya sahani kinawekwa kichupa kidogo cha pilipili ya mafuta kiitwacho Akabanga, chenye mdomo wa kudondoshea kama dawa ya macho. Mpwani anayejivunia pilipili ya kwao hukiminya kama anavyominya chupa ya tomato. Wenyeji humtazama kwa upole, wakingoja. Matone mawili yangetosha.

Saa kumi na mbili na nusu giza limeshaingia, na ubaridi nao. Hapo ndipo utakapowatambua wageni wapya na wakongwe. Mpya anakumbatia mikono yake na kuagiza chai ya maziwa yenye tangawizi akiwa hajaimaliza soda. Mkongwe anainama chini ya kiti na kutoa sweta.

Septemba 2025 mtaa huu ulikopesha hewa yake kwa dunia nzima. Mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika, na mbio za kushindana na saa za siku ya kwanza zilianzia BK Arena. Wiki moja baadaye, mbio kuu za wanaume zilienda kilomita 267.5 juu na chini ya vilima, na mwishoni waliomaliza walikuwa 30 tu, Tadej Pogačar wa Slovenia akiwa wa kwanza. Hewa inayomfaa mtu aliyekaa na kikombe mkononi si lazima imfae anayepanda mlima kwa nguvu ya miguu: kwenye mwinuko huu shinikizo la hewa ni kama asilimia 84 ya lile la ufukweni. Mgeni wa kawaida hulipata somo hilo bila baiskeli. Kigali ni mji wa ngazi na miteremko, na kwa wiki mbili za kwanza ghorofa ya tatu humfanya asimame kwenye kona akijifanya anasoma ujumbe kwenye simu.

Mvua ikishuka

Wanyarwanda huugawa mwaka mara nne. Urugaryi ni kiangazi kifupi cha Desemba hadi Februari. Itumba ni masika, kuanzia kama Machi hadi Mei. Impeshyi ni kiangazi kirefu, Juni hadi Agosti. Umuhindo ni vuli, kuanzia Septemba. Aliyekulia kwenye masika na vuli za Tanzania hujiona yuko nyumbani katika kalenda hii, mpaka siku mvua ya Aprili inapomkuta juu ya pikipiki.

Pikipiki za abiria Kigali huitwa moto. Dereva huvaa kizibao chenye namba, abiria mmoja hupewa helmeti, na wanakwenda. Tone la kwanza linapogonga kioo cha helmeti, dereva haongezi mwendo wala hakuulizi. Anakata kona na kuingia kwenye sheli iliyo karibu. Chini ya paa la sheli mnakuta moto nyingine 10 au 20, na zinaendelea kuingia. Viti vinafunikwa, makoti ya mvua yanatolewa, abiria wa tai na abiria wa kandambili wanapanga mstari mmoja wakitazama maji yakiteremka barabarani kama yana deni mjini. Hakuna anayesukumana. Simu zinapigwa, na kila upande wa pili neno ni lile lile: *imvura*, mvua. Ofisi nyingi hulielewa. Baada ya nusu saa inakatika ghafla kama ilivyoanza, dereva anafuta kiti kwa kitambaa, na safari inaendelea kuanzia pale pale ilipoishia, kwa nauli ile ile.

Si kila mahali mvua hiyo huishia kwenye kungoja. Usiku wa kuamkia 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo magharibi na kaskazini mwa Rwanda yaliua watu zaidi ya 130. Vilima vinavyoipa nchi hewa yake ndivyo vinavyoteremka mvua ikizidi, na katika Kigali yenyewe kuna miteremko ambayo watu wamehamishwa kwa sababu hiyo. Mpangaji wa Remera, akiwa juu kwenye ukingo wa kilima wenye lami na mitaro ya mawe, husikia mvua juu ya bati na kuvuta blanketi. Usingizi huo mtamu unategemea sana mtu anaishi upande gani wa mteremko.

Aprili ina uzito wa namna nyingine pia. Tarehe 7 huanza wiki ya kumbukumbu ya mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Muziki wa baa unazimwa, meza za nje zinabaki tupu, na mvua ya Itumba inapiga juu ya Uwanja wa Amahoro. Leo ni uwanja mpya wa watu 45,000, uliofunguliwa upya Julai 2024 baada ya ukarabati mkubwa. Mwaka 1994 maelfu walijificha humo chini ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa. Amahoro maana yake ni amani. Mgeni aliyekuja kwa sababu ya kazi na kukaa kwa sababu ya hewa hujifunza wiki hiyo kupunguza sauti.

Maharage yasiyoiva

Na jikoni kuna mambo. Kwa mita 1,500 maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Chungu kinatokota, mvuke unapanda, kila dalili ya kupika ipo, lakini maharage yanabaki na kiini kigumu. Mpishi wa pwani huanza kwa kumlaumu muuzaji, kisha mkaa, kisha maharage yenyewe, kabla hajamwona jirani akiyaloweka tangu usiku na kufunika sufuria kwa jiwe juu. Wenye uwezo hununua sufuria ya presha na kumaliza kesi.

Jua nalo ni janja. Ubaridi wa hewa humfanya mtu adhani halichomi, kumbe kadiri unavyopanda ndivyo mionzi yake inavyoongezeka, kama asilimia 10 kwa kila mita 1,000. Ukikaa Jumapili nzima ukingoni mwa barabara kutazama wakimbiaji bila kofia, jioni pua inakupa taarifa. Impeshyi inapokolea, Julai na Agosti, vumbi jekundu la pembezoni hupanda na moshi hukaa mabondeni asubuhi. Wenye pumu huikumbuka mvua waliyoinung'unikia Aprili.

Cha ajabu zaidi kwa mgeni ni kwamba wenyeji hawaioni hewa hii kwa macho yake. Asubuhi ya nyuzi 16, yenye ukungu mwembamba juu ya bonde, Mwislamu wa Tanga hutoka na kanzu nyepesi akivuta pumzi kama aliyetoka chooni kwenda uani. Mlinzi wa geti amevaa koti zito, kofia ya sufu na glavu, na neno lake la kwanza baada ya mwaramutse, salamu ya asubuhi, ni malalamiko: *imbeho*, baridi. Wote wawili wanasimama kwenye hewa moja. Kufikia mwaka wa pili mgeni naye amenunua kofia ya sufu.

Februari, usiku, simu inalia. Ni mama, Magomeni. Shikamoo inapokewa, kisha kimya kidogo, na katika kimya hicho inasikika feni, ile ya mezani iliyolegea kifuniko, ikipiga tik, tik kila inapogeuka. Kwake ni saa tano kasoro. Remera ni saa nne kasoro. Anauliza kama mafuta aliyoyatuma yamefika salama na kama nywele zinapakwa. Yamefika, mama. Chupa imesimama dirishani, upande wa magharibi, mahali ambapo jua la saa tisa litaipata kesho na kuyalainisha kuanzia pembeni, ya kutosha mara moja.